Kijiji rafiki wa mazingira: mjenge upande wa Lamu au upande wa Malindi?

Watu wanaotaka kuungana wajenge kijiji kisichoiumiza pwani, wawe ni jamaa, wanachama wa chama cha akiba au marafiki waliochoka na kodi za mjini, mara nyingi huanza kwa kuangalia ufuo. Wakikuta mchanga mweupe, minazi na upepo, wameshachagua. Mimi nawasihi waanze na kisima. Kati ya Lamu na Malindi, tofauti kubwa iko kwenye maji: yako wapi, ni mengi kiasi gani, na nani mwingine anayategemea. Maji ndiyo yanayoamua nyumba ziwe ngapi, paa liwe la nini, choo kiwe cha namna gani na bustani ifike wapi.

Nikisema Lamu nina maana ya visiwa vya Amu (kilipo mji wa Lamu), Manda na Pate, pamoja na bara yake kuanzia Mokowe hadi Hindi. Nikisema Malindi nachukua ukanda wote kutoka Watamu na Mida mpaka Mambrui, pamoja na mashamba ya ndani ya Gede, Msabaha na Ganda. Kwa barabara ni kama kilomita 220 kati ya miji hii miwili, na ardhi hubadilika sana njiani.

Maji

Kisiwani Amu, maji matamu yako chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua huzama mchangani na kutulia juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa geuza hesabu uione hatari: mkivuta kwa pampu mpaka maji yashuke mita moja, chumvi iliyo chini huanza kupanda kuelekea mita 40. Kwa hiyo kisima kilichonywewa na vizazi kwa ndoo na kamba kinaweza kuharibika kwa miaka michache ya pampu. Pampu ya sola ina hatari zaidi hapa, ingawa ndiyo inayosifiwa, kwa sababu haili mafuta na hakuna anayeona haja ya kuizima. Inavuta tangu jua linachomoza hadi linatua.

Vilima vya Shela vimehifadhiwa kama chanzo cha maji cha mji wa Lamu, na inafaa vibaki hivyo. Akija mtu na kiwanja kilicho juu ya vilima au ukingoni mwake, msikinunue hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa. Kijiji kinachojiita rafiki wa mazingira huku kimekalia maji ya mji mzima kitakuwa kimeanza kwa dhuluma.

Manda ni kuzuri kwa macho, tena uwanja wa ndege uko hukohuko, lakini visima vyake vingi ni vya chumvichumvi. Magofu ya Takwa yako kisiwani humo. Mji huo uliachwa karne ya 17, na chumvi kwenye visima hutajwa miongoni mwa sababu za watu kuhama. Anayejenga Manda leo huleta maji kwa mashua au hutia mtambo wa kuchuja chumvi. Mtambo huo unakula umeme mwingi na unarudisha baharini maji yenye chumvi kali kuliko aliyoyachukua.

Mfano ninaoupenda uko Pate. Huko Kizingitini, Mbwajumwali na sehemu za Faza watu wamezoea jabia: uwanja uliopigwa sakafu na kuinamishwa upande mmoja ili kukinga mvua, maji yakashuka kwenye tangi lililochimbwa chini na kufunikwa. Halihitaji umeme wala vipuri kutoka Mombasa. Linachohitaji ni uwanja ufagiliwe kabla ya mvua, mbuzi wazuiwe, na mtu apewe zamu ya kufanya hivyo. Kama kikundi chenu hakiwezi kukubaliana juu ya zamu ya kufagia jabia, basi hakijawa tayari kuishi pamoja, kisiwani au kwingineko.

Malindi ina mto. Sabaki hushuka kutoka bara na kufika baharini kaskazini ya mji, na visima vya Baricho kando yake ndivyo vinavyoilisha Malindi, vikapeleka maji mengine Kilifi hadi Mombasa. Ukiwa karibu na bomba kuu una maji, siku ambazo bomba halijapasuka na pampu hazijazimika. Aliyekaa Malindi muda wowote anazijua wiki za mitungi na mikokoteni. Kwa hiyo bomba lihesabiwe kama msaada. Msingi uwe mvua, na kisima cha ndani ya shamba pale maji yanapokuwa matamu. Kanda ya Gede na Watamu imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye mapango na nyufa. Karibu na bahari kisima huwa na chumvi, na ukiingia ndani maji hutengemaa. Hata huko yana mwisho. Katika magofu ya Gede, mji uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, wachimbuaji walikuta kisima kilichoongezwa kina, kumaanisha maji yalikuwa yameshuka.

Hesabu ya mvua ni rahisi, na kila mwanachama aijue. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Lamu hupata kama milimita 900 hadi 1,000 kwa mwaka wa kawaida, Malindi 1,000 na kidogo, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Aprili na Juni. Chukua paa la mita 100 za mraba, milimita 900, ukitoa moja ya tano inayopotea: unabaki na lita 72,000. Familia ya watu watano, kila mtu akitumia lita 40 kwa siku, inakula lita 73,000 kwa mwaka. Yaani paa moja linaitosha familia moja kwa shida, tena ikiwa tangi ni kubwa. Miezi minne ya ukavu inataka lita 24,000 zilizohifadhiwa, na mvua za vuli zikikataa, kama zinavyokataa mara kwa mara upande wa Lamu, inataka zaidi. Bustani bado haijanywa tone.

Kwa hiyo Lamu ni ya kijiji kidogo. Sioni vipi nyumba zaidi ya kumi au kumi na mbili zitajitegemea kwa maji kisiwani bila kuwanyang'anya wenyeji. Upande wa ndani wa Malindi, kikundi cha familia thelathini kinaweza kuishi na kulima, mradi kila paa lina tangi lake.

Kuta na paa

Lamu ina mafunzo ya ujenzi ambayo Malindi imeyapoteza kwa sehemu kubwa. Mji wa kale uliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na nyumba zake za mawe, nyingi zikiwa za karne ya 18, bado zinakaliwa. Ukuta una unene wa kama nusu mita, jiwe la matumbawe na chokaa. Mchana wa Machi ukitoka juani ukaingia kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, kisha ukapita hadi kiwanda, yaani ua wa ndani, unahisi joto limekatika bila feni. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu, kama mita mbili na nusu au tatu. Bafuni kuna birika la maji, na ndani yake wenyeji hutia visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Hakuna mashine humo, na nyumba imetimiza kila jambo linaloahidiwa kwenye michoro ya kisasa.

Lakini tazameni pia yanayoharibika. Kwenye vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji wa kale, utaona kuta zilizopigwa plasta ya saruji juu ya mawe ya zamani. Chini, usawa wa goti, plasta imetuna. Ukiigonga kwa kidole inalia utupu. Ikianguka, inaanguka na uso wa jiwe, na nyuma yake kuna unga mweupe wa chumvi. Chokaa huacha ukuta upumue: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka nje na kukauka. Saruji huufungia ndani, chumvi ikajikusanya na kulimega jiwe. Kwenye zege nako, hewa ya chumvi huifikia nondo, nondo ikashika kutu, ikavimba na kuipasua nguzo. Nyumba nyingi za ufuoni zilizojengwa kwa haraka Malindi na Watamu zinaonyesha nondo zake kwenye kona za baraza.

Je, basi chokaa tu? Hapa sikubaliani na wanaoisifu bila kipimo. Chokaa ya kienyeji huchomwa kwenye tanuu la wazi, mawe ya matumbawe yakipangwa juu ya rundo kubwa la magogo. Moto huo unakula miti mingi, na zamani magogo yalikuwa ya mikoko. Nyumba ya mawe ya Lamu inafaa mazingira kwa sababu imekaa zaidi ya karne mbili. Ukijenga ya namna hiyo kisha ukaibomoa baada ya miaka ishirini, umechoma msitu bure. Mawe nayo hutoka machimbo ya Maweni kisiwani Manda, na shimo hubaki. Kuokota mawe ya magofu ni kosa chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, hata kama gofu linaonekana halina mwenyewe.

Upande wa Malindi una kitu ambacho visiwa havina: udongo. Udongo mwekundu wa mashamba ya ndani ukichanganywa na saruji kidogo, asilimia 5 hadi 10, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono na kufunikwa ukauke taratibu, hutoa matofali yanayoshikamana bila kuchomwa. Hakuna kuni, na saruji inayotumika ni chache ukilinganisha na tofali la saruji tupu. Hilo si dogo, kwa kuwa utengenezaji wa saruji hutoa kama asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Muhimu ni msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi na paa lenye kingo ndefu, maana mvua ya kusi huja ubavuni. Fundi akikuambia paa fupi linatosha, mrudishe kwenye mchoro. Ukiyataka matofali hayo kisiwani Amu, itakubidi usafirishe udongo kutoka bara kwa mashua kisha kwa punda, na faida yote imeishia njiani.

Kwa miti, Lamu ndiyo yenye mikoko: zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huko. Biashara yake ina lugha yake, fito, pau, boriti, nguzo, na miti huuzwa kwa korja, ishirini ishirini. Serikali ilipopiga marufuku ukataji mwaka 2018, wakataji wa Lamu waliumia sana kabla ya ruhusa kurudishwa, jambo linaloonyesha ni familia ngapi zinakula kutokana nao. Sioni ubaya wa kununua boriti zenye kibali cha Huduma ya Misitu, kwa vyumba vyembamba. Ubaya ni kutaka ukumbi wa mita kumi kwa nguzo za mkoko. Malindi kuna mivinje inayopandwa mashambani kama zao na kuvunwa baada ya miaka michache. Kwa pau na nguzo za kawaida, mvinje wa shambani unaipumzisha mikoko, na hapo Malindi inashinda waziwazi.

Paa la makuti lina baridi nzuri, na kaunti ya Kilifi ina minazi ya kutosha. Lakini makuti na maji ya kunywa haviendi pamoja. Maji yanayotoka juu yake yana rangi ya chai, yamebeba vumbi la majani na kinyesi cha mijusi. Makuti pia ni moto unaosubiri cheche, na nyumba zikisongamana upepo hufanya uliobaki. Ninavyoona mimi, jiko, ukumbi wa pamoja na maghala viezekwe mabati yaliyopakwa aluminiamu na zinki, au paa bapa la chokaa kama la Lamu, hayo ndiyo ya kukinga mvua. Makuti yakae vyumbani mwa kulala na kwenye baraza, nyumba zikiachana.

Choo

Jiwe la matumbawe halichuji. Uchafu wa shimo la choo unaweza kupita kwenye nyufa ukafika kisimani, na mwisho kwenye mwamba wa bahari. Shauri la mita 30 kati ya choo na kisima, linalofaa kwenye udongo, halitoshi juu ya jiwe lenye mapango. Vyoo vikavu vya kutengeneza mboji ndivyo vinavyofaa Lamu na Watamu, lakini michoro mingi inayoletwa imesahau kwamba sisi hutumia maji. Maji ya kujisafisha yakiingia kwenye pipa la mboji, mboji inaoza vibaya, inanuka, na baada ya mwezi watu wanarudi kwenye shimo. Dawa yake ni kutenganisha: tundu moja la haja, na pembeni yake mahali pa kujisafishia penye mtaro unaopeleka maji kwenye migomba. Na fundi aambiwe mapema kibla kiko wapi, choo kisielekee huko wala kisikipe mgongo. Ni kitu kidogo kwenye mchoro, kigumu ukutani.

Ardhi ya ndani ya Malindi inavumilia zaidi. Tangi la maji taka lililojengwa vizuri, likamwaga kwenye kitalu cha matete, linafanya kazi.

Ardhi na majirani

Baada ya maji, hapa ndipo vijiji vya namna hii huvunjikia.

Pwani yetu ina jeraha la zamani. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda huu wapeleke madai yao. Asiyepeleka, ardhi yake ilihesabiwa ya serikali. Wengi hawakupata habari au hawakuweza, na wajukuu wao wanaitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Malindi utakuta hati halali mkononi mwa mtu aliye mbali, na juu ya shamba hilohilo familia za Wagiriama zenye minazi waliyoipanda wao. Kisheria unaweza kuwa umenunua. Kwa majirani umekuja kuwafukuza. Kaskazini zaidi, Magarini, migogoro kati ya wenyeji na viwanda vya chumvi ilifikia uchunguzi wa hadhara wa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na ripoti yake ikatoka mwaka 2006. Kabla ya kulipa hata arubuni, nendeni shambani bila dalali, mkae na wazee wa mtaa, muulize nani analima, nani amezikwa pale na nani hupita kwenda baharini.

Lamu ina tatizo la upande mwingine: eneo kubwa halina hati kabisa, na tangu mradi wa LAPSSET, wa bandari mpya na njia za kuiunganisha na Ethiopia na Sudan Kusini, utangazwe, madalali walijaa. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za kampuni 22 zilizokuwa zimejigawia kama ekari 500,000. Karatasi peke yake, basi, si kinga. Gati la kwanza la bandari huko Kililana lilianza kazi mwaka 2021, na uchimbaji wa ghuba ya Manda umewagusa wavuvi kiasi cha Mahakama Kuu kuamuru mwaka 2018 walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi kama 4,600. Mnaonunua Manda au Mokowe kwa ajili ya utulivu, ulizeni ramani ya bandari inasema nini juu ya miaka ishirini ijayo. Upande wa Kipungani na Matondoni, magharibi ya kisiwa cha Amu, uko mbali kidogo na msukosuko huo. Bara ya Lamu imeonja pia mashambulizi, makubwa zaidi yakiwa ya Mpeketoni Juni 2014, na baadhi ya maeneo yamewahi kuwekewa kafyu. Visiwani kumekuwa shwari zaidi. Jambo hili lizungumzwe wazi na kila mwanachama mwenye watoto.

Pamoja na hayo, Lamu ina watu wanaojua kusimamia mazingira yao. Mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ulikwama Juni 2019, pale Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilipofuta leseni, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kijiji chenu nacho kitahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, na ushirikishwaji wa kweli. Msidhani kwa kuwa nyinyi ni wa mazingira mtapewa njia ya mkato. Wazee wa Amu watawauliza maswali yaleyale, na wana haki.

Kwa kikundi chenye jamaa waliochukua uraia wa nje pekee au wageni, Ibara ya 65 ya Katiba inaruhusu asiye raia kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na kampuni yenye hisa hata moja ya asiye raia huhesabiwa hivyohivyo. Ardhi kati ya maji kupwa na maji kujaa ni ya umma, haiuziki, kwa hiyo njia ya wavuvi na wanawake wanaokwenda kuokota chaza isizibwe na ua lenu. Ushirika uliosajiliwa, wenye kanuni ya nini kinatokea mtu akitaka kuuza, ni bora kuliko hati kwa jina la rafiki mmoja mnayemwamini.

Riziki

Kijiji ambacho wakazi wake wanaishi kwa pesa za nje tu kitakuwa hoteli yenye jina zuri. Malindi ina njia nyingi za kula. Kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba kama 420, mradi wa Kipepeo wa Gede umekuwa ukinunua pupa za vipepeo, yaani viwavi waliokwisha kujifunga kabla ya kugeuka vipepeo, kutoka kwa wakulima wa jirani tangu 1993 na kuziuza nje. Mkulima anafaidi msitu ukiwa umesimama. Mida kuna vikundi vinavyotembeza wageni kwenye mikoko, na kuna korosho, embe, ufuta na soko la Malindi, mji wenye watu kama 120,000 kwa sensa ya 2019. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ziliwekwa mwaka 1968. Uvuvi ndani yake hauruhusiwi, na plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku humo tangu Juni 2020. Mkijenga karibu na mdomo wa Sabaki kwa kutaka samaki, jueni maji hapo ni mekundu ya tope miezi mingi, mto hufurika, na mchanga wa Mambrui huhama.

Lamu riziki ni bahari na ufundi. Kama ndani ya kikundi hakuna hata mmoja anayejua tanga, wavu au randa, mtakuwa wageni muda mrefu. Aliye na ufundi atapata pa kujishika. Lamu ndiko fundi Ali Skanda na wenzake walikounda Flipflopi, jahazi la taka za plastiki na ndara zilizookotwa ufuoni, lililosafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Mbolea pia ipo: punda wa kisiwani wanatoa samadi ambayo sehemu kubwa inatupwa, na bustani ya mchanga haisimami bila hiyo.

Umeme, safari na hospitali sitavikalia. Jua linatosha kote, gridi ya taifa imefika miji yote miwili, na sola yenye betri ya pamoja kwa nyumba tano sita ni nafuu kuliko kila mmoja na yake. Malindi, mgonjwa huingia tuktuk. Kisiwani, huingia kwanza mashua, ndipo afike hospitali ya King Fahd ya mjini Lamu, na usiku wa kusi safari hiyo si ndogo. Wazee wenu wapewe sauti kubwa katika hilo.

Nani aende wapi

Kama ninyi ni familia nyingi, mna watoto wa shule, mnataka kulima na kujenga kwa bei ya watu wa kawaida, nendeni Malindi, na ndani ya Malindi chagueni upande wa Gede, Msabaha au nyuma ya Mida, kilomita kadhaa kutoka ufuoni. Mtaikosa sauti ya mawimbi. Mtapata udongo, mivinje, maji yenye nafuu na majirani wanaoweza kuwafundisha kulima hapo. Kama ninyi ni wachache, bahari ndiyo kazi yenu, na mko tayari kuishi kwa lita 40, Lamu itawapa maisha ambayo sijayaona kwingine pwani ya Kenya; tafuteni Matondoni au Kipungani, au mkaribishwe Pate, na jengeni jabia kabla ya nyumba ya kwanza. Shela iachieni maji yake. Manda siwashauri.

Kokote mtakakoelekea, kiwanja mkikague mwishoni mwa kaskazi, Machi, kabla mvua hazijaanza, tena siku za bamvua. Wakati huo visima viko chini kabisa na bahari iko juu kabisa. Dalali atawataka mje Juni, kila kitu kikiwa kijani na kisima kimejaa. Msikubali. Teka maji mwenyewe, onja, chukua chupa nyingine ukapimishe chumvi, kisha muulize mwanamke wa nyumba ya jirani yeye hunywa maji ya wapi mwezi huo. Akisema hayo ya kisima hayanyweki, mkutano wa kununua uahirishwe.